Habari Ambayo Hanifa Hajaifikisha Burkina Faso

Makongolosi, Chunya. Jua bado changa, lakini Hanifa Selemani (41) keshajaa vumbi hadi kwenye kope. Anapasua mawe ya dhahabu kwa nyundo kabla hayajaingia kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Siku nzuri anapata shilingi elfu nane. Siku mbaya anaambulia chai.

Leo ni Ijumaa, siku ambayo mama mkwe wake hupiga simu, na roho haijatulia.

Mumewe, Issa Sawadogo, alitoka Burkina Faso, nchi ya Afrika Magharibi isiyo na bahari.

"Alikuwa anasema kwao kuna vumbi, pamba, uwele na dhahabu, basi. Mvua ikigoma, vijana wanatawanyika kutafuta maisha. Yeye akatawanyikia huku kwetu," anasema Hanifa, akicheka kidogo.

Masika iliyopita duara, shimo la kuchimbia, lilimfukia Issa. Akazikwa siku hiyohiyo.

Ijumaa iliyofuata, mama yake akampigia Hanifa, kama alivyozoea Issa akiwa duarani. Hanifa hajui Kimoore, lugha ya kwao Issa, isipokuwa salamu alizofundishwa na mumewe. Salamu zenyewe ni ndefu kwelikweli: nyumba, watoto, kazi, mume. Kila swali hujibiwa laafi, yaani salama.

"Si hata sisi ndio zetu? Una msiba ndani, mtu anakuuliza habari, unasema nzuri, halafu ndo unasema, ila tumefiwa. Mimi hiyo nzuri nilikuwa nayo. Hiyo ila sikuwa nayo."

Mama akafurahi, akakata simu. Tangu hapo, kila Ijumaa, Issa ni mzima huko kijijini kwao.

"Inaniuma jamani. Namdanganya mzazi."

Mwezi uliopita Hanifa alipanda basi hadi Iringa kuonana na mwanafunzi wa chuo kutoka Burkina Faso. Kijana alijitolea kupiga simu mwenyewe. Hanifa akakataa katakata. Hakutaka mama aambiwe kifo cha mwanawe na mtu baki. Basi kijana akamrekodia maneno machache ya Kimoore. Huyarudia hapa, karasha likinguruma, ili wenzake wasisikie anavyolia.

Leo ameazimia kuyasema.

"Akinitukana, haki yake, nitapokea," anasema, akijifuta uso kwa khanga. "Mama yangu mzazi nilishamzika. Nabaki na huyu, na wala hatujawahi kuonana. Naomba Mungu tu, Ijumaa ijayo apige tena."