Kijiko cha Mwisho cha Chumvi

Miaka ile ya vita, barabara ya Kasindi, mpakani na Uganda, ilipofungwa, chumvi Butembo ilipimwa kwa kijiko cha chai, na muuzaji alipitisha kidole juu ili kisibaki kilima. Nilinunua kijiko kimoja. Nikamwomba apime tena.

Nyumbani nilikuwa nachora kwa rangi za maji. Sikuchora mtu wala nyumba. Nilimwaga rangi kwenye karatasi iliyolowa, kisha nikaisindikiza, kama unavyomsindikiza askari aliyelewa: mkono unaushika wewe, njia anachagua yeye. Nilikuwa nimesikia kwamba ukinyunyiza chumvi kabla rangi haijakauka, kila punje inakunywa maji yake na kuacha nyota. Nikanyunyiza punje kumi. Nikahesabu tena, zilikuwa kumi na moja. Nyota zikapendeza, nikamaliza kijiko.

Mke wangu akatoka jikoni. Mama yake alikuwa njiani kutoka Beni, kwa miguu, na sombe, kisamvu chetu, ilikuwa inachemka.

“Chumvi iko wapi?”

“Iko natumika.”

Akaangalia karatasi. “Donc basi mama atakula nyota?”

“Ngoja ikauke, nitakurudishia yote. Hapana kugusa sasa.”

“Rangi gani hiyo?”

“Ya majani.”

“Bahati yako. Na sombe ni majani.”

Ilipokauka nikakwangua kwa kisu. Nilikuwa nimemwaga kijiko kizima, nikapata nusu. Nikapima tena: nusu ileile. Nyingine ilikuwa imeingia ndani ya karatasi, na karatasi haina masikio ya kubembelezwa. Picha nikaitundika.

Mama mukwe akafika, akanawa, akaonja. Akatafuna polepole.

“Binti yangu, chumvi uliwekea nani?”

Mke wangu akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ukuta. Ndilo kosa langu, maana mama mukwe naye akaangalia ukuta.

“Ile ni nini?”

“Si kitu, mama. Rangi tu, imejiendea.”

“Na zile nyeupe-nyeupe?”

Mama mukwe hadanganywi. “Ni chumvi, mama.”

Akaweka tonge chini. “Kumbe chakula changu kiko kwa ukuta.”

“Nusu tu, mama. Nusu ingine iko mu sombe.”

“Basi ya sombe ninakula, ya ukuta ninaenda nayo.”

Siku ya kurudi Beni akaikunja picha kweli. Nikamsihi, maana nyota zile hata mimi sikujua zilivyokuja, na kuzirudia nisingeweza. Nikamtolea picha nyingine, ya bluu, kubwa mara mbili.

“Hiyo iko na chumvi?”

“Hapana, mama.”

“Basi baki nayo.”