Ndevu za Mlimani

Kwetu Old Moshi, kijana akipanda mlimani kubeba mizigo ya wageni hanyoi. Maji ya kule juu ni ya kupikia na ya kuwanawisha wageni uso, na mpagazi atakayehangaika na wembe kwenye baridi ile atachekwa na wenzake mpaka wateremke. Kaka yangu mkubwa aliifanya kazi hiyo miaka mingi. Msimu wa wageni alikuwa akiunganisha safari kwa safari, akirudi nyumbani uso umeungua, midomo imepasuka na ndevu zimemjaa mpaka shingoni. Mama alimchemshia maji ya kuoga huku akimtania kwamba hamjui, aseme kwanza yeye ni mtoto wa nani. Baba alikuwa anacheka. Nataka hilo lijulikane mapema, kwamba baba alikuwa anacheka.

Baba ana mdogo wake mmoja. Huyu baba mdogo aliteremka Njoro akiwa kijana, akaoa huko, akasilimu, akafungua karakana ya kuchomelea mageti. Ukoo ulinuna kidogo kisha ukazoea. Tena ulizoea vizuri, maana kila mwisho wa mwaka alipanda na kisu chake kuja kutuchinjia mbuzi wa Krismasi, ili wake na wetu wote wale kwenye sinia moja. Mtoto wake wa kwanza alihamia kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa bibi, akawa anakata majani ya ng'ombe, anapogoa kahawa, na msimu ukifika anakwenda mlimani. Wengine wangemwita binamu. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni mdogo wako, basi, na hivyo ndivyo nitakavyomwita.

Miaka ile redio ilikuwa haiishi habari za mabomu kwa majirani zetu. Kila mtu aliogopa, na nisijifanye kwamba mimi sikuogopa. Nilikuwa na duka langu la pembejeo Kwa Sadala, na mteja nisiyemjua akiacha mfuko wake mlangoni nilikuwa nautazama mpaka arudi. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Siku moja wakaja wanaume wawili waliovaa kiraia, wakakaa naye barazani, wakanywa chai. Wiki ile ile mdogo wangu akachukuliwa akiwa shambani, panga la majani mkononi, gumboti miguuni. Tulikuja kusikia kwamba anatuhumiwa kwenda Somalia kufundishwa mambo ya kigaidi.

Alikuwa mlimani. Alipanda msimu mzima kwa kitambulisho cha rafiki yake aliyekuwa anaumwa, jambo ambalo wapagazi hulifanya ili nafasi ya mtu isipotee, kwa hiyo hapakuwa na karatasi yoyote yenye jina lake. Rafiki mwenyewe, aliposikia neno ugaidi, alizima simu akahamia kwa wajomba zake Rombo.

Baadaye uliitishwa mkutano wa kijiji kuhusu ulinzi. Baba mdogo alipanda kutoka Njoro akiwa amevaa shati lake la Idi, akasimama mbele ya watu akauliza kwa upole ni nani aliyesema mwanawe alikwenda Somalia. Nilidhani baba atanyamaza. Akasimama.

"Hakuna aliyesema Somalia," alisema. "Mimi ndiye niliyeulizwa. Niliulizwa kama kijana alikuwepo hapa miezi ile, nikasema hakuwepo. Nikaulizwa aliporudi alionekanaje, nikasema alirudi na ndevu. Sasa mdogo wangu, hapo uongo uko wapi?"

Watu wakapiga makofi. Si wote, lakini walitosha. Baba mdogo alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kununua dukani, kisha akakaa.

Kuanzia hapo kijiji kiligawanyika. Kwenye kilabu cha pombe ya mbege walikuwepo waliosema serikali haimkamati mtu bure, na waliosema serikali hiyo hiyo ndiyo iliyomkamata fulani na fulani bure. Ibada ikiisha, watu walibaki mlangoni wakibishana kama kosa ni la magaidi waliotuletea hofu, au la askari waliotaka kuonekana wanafanya kazi, au la kijana mwenyewe kwa kutumia kitambulisho cha mtu. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp shemeji yangu mmoja aliyeko Dar aliandika kwamba mzee alitimiza wajibu wake, akaweka na bendera ya taifa. Nilimjibu vibaya. Akanijibu vibaya zaidi. Tukaacha kuongea mwaka mzima kwa ajili ya mambo ambayo hakuna kati yetu aliyeyaona kwa macho. Katika kelele zote hizo, aliyesema neno la maana ni mama, tena alilisema jikoni akimenya ndizi.

"Wewe mzee, huyu wako alipokuwa anarudi na ndevu, nilikuwa namchemshia maji. Uliwahi kuniambia anatoka Somalia?"

Baba akasema chai imepoa.

Hapo ndipo nilipoielewa aibu yetu. Ndevu za kaka yangu zilikuwa za mlimani. Ndevu za mdogo wangu, za mlima uleule na baridi ileile, zikawa za Somalia, kwa sababu baba yake anaswali. Baba hakutunga kitu. Alisema mambo mawili ya kweli, akayaacha yatembee yenyewe mpaka yakafika yalikofika.

Mdogo wangu alikaa mahabusu miaka. Kila tulipokwenda mahakamani tuliambiwa upelelezi haujakamilika, tukarudi stendi tukanunua maji, tukapanda gari. Siku moja upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea na shauri, akatoka. Hakuna aliyesema ana hatia, hakuna aliyesema hana. Nilidhani watu watafurahi. Kumbe mabishano yalipata mafuta mapya: wengine walisema mnaona, hana kosa, wengine wakasema ameachiwa tu, hajasafishwa, na hizo ni habari mbili tofauti.

Na kweli zilikuwa tofauti, kwa sababu alipokwenda kuomba kazi ya mlimani hakuna kampuni iliyomtaka. Walimpokea vizuri, wakamuuliza anatoka kijiji gani, wakampigia simu mtu wa kijijini, kisha wakamwambia watamtafuta. Mlima ndio kazi aliyoipenda. Aliniambia kwamba gerezani alikuwa akiipanda njia nzima kichwani, kambi kwa kambi, ili apate usingizi. Alichohitaji ni kijiji kiseme kwa mdomo wake kwamba alikuwa mlimani, na kijiji kilikuwa kinamsikiliza baba.

Baba naye alikuwa anaumia, sitaki kumfanya jiwe. Mwaka ule nao hatukuwa na mchinjaji, maana tangu ule mkutano baba mdogo alikuwa hapandi tena. Mbuzi alichinjwa na jirani, nyama ikaliwa kimya, na fungu la baba mdogo likabaki kwenye jani la mgomba mpaka nzi wakalivamia. Baada ya sikukuu baba aliniita mpakani mwa kihamba, akakata isale.

Isale ni lile jani refu tunalopanda kuonyesha mipaka. Likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, huwa ni kuomba radhi, na aliyeletewa hakatai. Hata kama umemuua mtu wake, hakatai. Ndivyo tulivyolelewa. Nililifunga kwenye kanga safi nikalipeleka Njoro, na njiani nilikuwa na furaha ya kijinga, nikijiona nimebeba dawa.

Mdogo wangu alikuwa karakanani na baba yake, kavaa miwani ya kuchomelea. Tuliingia ndani. Baba mdogo alimtazama mwanawe. Yeye alinawa mikono, akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimepokea, dada," alisema. "Siwezi kulikataa, na baba mkubwa anajua siwezi. Nimemsamehe. Lakini hili limeletwa hapa ndani, tuko watatu. Yale maneno aliyasema mkutanoni. Mwambie ninamwomba arudi palepale, aseme nilikuwa wapi. Nikipata hilo, nitapata kazi."

Nilirudi nikayasema yote kama nilivyoyasikia. Baba alikuwa anamfunga ng'ombe.

"Kapokea?" aliuliza.

"Kapokea, lakini…"

"Akishapokea, limekwisha."

Na akaenda kuwatangazia wazee kwamba familia imeyamaliza kimila. Wakampongeza. Jani likawa mlango wa kufungia. Mdogo wangu alipoandika kwenye kundi la ukoo kwamba bado anasubiri neno mkutanoni, wazee walimrukia: umepokea isale, unataka nini tena, unataka kumdhalilisha baba yako mkubwa? Hata wale waliokuwa upande wake walimwambia ayaache sasa. Alijiondoa kwenye kundi, na baada ya muda akaenda Kahama kuchomelea, mahali ambapo hakuna mlima wala mtu wa kumuuliza. Nikikumbuka kwamba jani lile lilipita mikononi mwangu, natamani lingekauka njiani.

Miaka ilipita. Baba mdogo akaanza kuugua, akawa mtu wa kitandani. Baba aliniomba nimpeleke Njoro kumwona. Walisalimiana, mdogo akamwamkia mkubwa shikamoo kama siku zote, wakaongea kuhusu mvua na kuhusu kahawa inayong'olewa watu wapande parachichi. Nilifikiri itaishia hapo. Tulipoinuka kuaga, baba mdogo akamshika baba mkono.

"Kaka, nataka kujua kitu kimoja tu. Ulikuwa hujui kwamba yuko mlimani?"

Baba alimwambia apumzike, asijichoshe. Tukatoka. Ndani ya bajaji alikaa ameshika fimbo yake katikati ya magoti, na tulipokaribia sokoni akaongea bila kunitazama.

"Nilijua."

Sikumwelewa, au sikutaka kumwelewa.

"Nilimwona anakung'uta viatu kwa bibi yenu. Vilikuwa na lile vumbi la kijivu la kule juu. Nilijua anatoka wapi."

"Kwa nini hukuwaambia wale watu?"

"Hawakuniuliza ametoka wapi. Waliniuliza alionekanaje."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia dereva asimamishe nishuke, nimwache mzee wangu palepale barabarani na fimbo yake. Kisha nikamtazama, nikaona mtu ambaye amekaa na jambo hilo peke yake muda wote huo, kila jioni, kila mbuzi. Hasira haikuisha. Ila huruma nayo ikaja ikakaa pembeni yake, na mpaka leo ninaishi na zote mbili.

"Niandikishe mkutanoni," alisema tulipofika nyumbani.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Kijana mstaarabu, hata haikumbuki vizuri kesi ile. Akasema ajenda zimejaa, lakini mzee atapewa nafasi kwenye mengineyo. Mengineyo ndiyo ya mwisho, baada ya barabara, baada ya mbwa wasiochanjwa, baada ya miche ya parachichi. Ilipofika miche watu walisukumana mezani, kila aliyechukua yake akaondoka kwenda kuandaa mashimo, mawingu nayo yakaanza kujikusanya. Mwenyekiti alipotamka mengineyo, nilimsaidia baba kusimama. Nikawasha simu kumrekodi.

Alisema vizuri. Sijawahi kumsikia akisema vizuri hivyo. Alisema yule kijana alikuwa mlimani, kwamba yeye alijua, kwamba alinyamaza kwa sababu alimwogopa mtoto wa ndugu yake kwa ajili ya dini yake, na kwamba isale aliipeleka ili asije akasimama hapa. Alipomaliza, mwenyekiti alisema tumekusikia mzee wetu, hayo yalishapita, tufunge kwa sala.

Jioni ile nilimtumia mdogo wangu sauti ile Kahama. Niliona ameisikiliza. Nilisubiri nikiwa nimekaa jikoni, na nikiri kwamba nilikuwa nategemea shukrani. Nilishaanza hata kupanga nitakavyomwambia arudi, nitakavyozunguka naye kwenye kampuni za mlimani. Jibu lilipokuja lilikuwa na maneno mawili.

"Walikuwepo wangapi?"

Niliandika kwamba mvua ilikuwa inakuja, nikafuta. Niliandika kwamba mwenyekiti aliupanga vibaya mkutano, nikafuta. Mwishowe nikamwandikia kwamba tulibaki wachache, wengi walishachukua miche wakaondoka.