Eda ya Siri Wodini

Kazi yangu hospitalini ni kuzungumza na watu waliopata ajali, lakini ukiwauliza jamaa wa wagonjwa watakwambia kazi yangu ni kuwanyamazisha. Wananigongea mlango wa chumba changu, yaani stoo ya magongo iliyotiwa viti viwili, na kuniambia, "Daktari, njoo, analia." Mimi si daktari, na kulia si ugonjwa. Nimeyasema haya mpaka nimechoka kujisikia.

Mwaka jana tulimpokea mwanamke wa Majoreni aliyevunjika paja. Pikipiki waliyopanda yeye na mumewe iligongwa na lori karibu na Kombani. Mume alifariki papo hapo, akazikwa alasiri ileile, mkewe akiwa chumba cha upasuaji. Alipozinduka alimwulizia. Mavyaa wake, mama mzazi wa marehemu, akamjibu kwamba yuko hospitali ya Mombasa, hajambo, anamsalimu.

Nilisema aambiwe. Daktari akasema tungoje kidonda kikauke. Shangazi yake akasema tungoje arudi nyumbani. Manesi wakasema hayo ni mambo ya familia. Na mimi, kwa aibu yangu, nikangoja. Kila asubuhi nilikaa kando ya kitanda chake nikimfundisha kuvuta pumzi taratibu ili apate usingizi, na kila jioni wageni wakamletea salamu za maiti. Nilikasirika mpaka kichwa kikaniuma, kisha nikarudi stoo na kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni mtulivu.

Siku ya kumi na moja aliniomba nifunge pazia.

"Dada, nikuulize. Mume wangu yu hai?"

Hakuningoja nijibu.

"Walinivua vipuli na bangili, wakaniambia hospitali kuna wezi. Nikasema sawa. Siku ya pili wakaniletea kanga zilizochuja, na manukato yangu wakarudi nayo. Mashemeji hawaingii tena, wananisalimu kutoka mlangoni. Wameniweka eda, dada. Eda ya nani, kama mume wangu yuko Mombasa?"

Nilitaka kucheka na kupiga ukuta kwa pamoja. Watu wale hawakuona vibaya kumdanganya mgonjwa, lakini waliogopa dhambi ya kumwacha mjane na dhahabu masikioni. Basi walimficha msiba huku wakimvisha.

"Mbona hukusema?" nikamwuliza.

"Mavyaa je? Ananiletea uji kila siku, anacheka na mimi, kisha namsikia akipenga kamasi pale nje. Hajapata kumlilia mwanawe kwa ajili yangu."

Nilimkuta yule bibi kwenye benchi la ukumbini, chupa ya uji mapajani. Nikamwamkia, nikamwambia mkamwana wake anajua. Akasema haiwezekani, wao walijihadhari sana. Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikamshika mkono, nikampeleka.

Tulipofika kitandani akaanza tena. "Mwenzio hajambo, anaku..."

"Mama," mkamwana akamkatiza, "pole kwa kufiwa na mwanao."

Bibi akaangukia pembeni mwa kitanda, na wote wawili wakalia kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wodi nzima. Nami nikalia. Nesi akachungulia akitaka kujua kama alete sindano ya usingizi. Nikamwambia akithubutu, mimi na yeye tutaonana wabaya.

Walipotulia kidogo, mgonjwa akaanza kuuliza. Nani alimwosha? Amezikwa upande gani? Watu walikuwa wengi? Bibi alimjibu moja moja: alioshwa na ami yake, amelala karibu na babake, msikiti ulijaa mpaka nje.

"Aliniita?"

Niliuona uongo ukimjia bibi mdomoni, mzuri kabisa, na nikaogopa kwamba nami ningeukubali.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hakuwahi kusema neno."