Mbwa wa Jirani na Kuku wa Mgeni

Jumamosi nilitoka Kitale kumjulia hali shemeji yangu huko Misikhu. Yeye ni mzee wa kijiji, na nilimkuta uani akingoja watu wa kesi. Mama mmoja akaingia na kikapu, miguu ya kuku ikichungulia nje. Mimi, kama mgeni yeyote huku Bungoma, ambako mgeni huchinjiwa kuku, nikajua huyo kuku ni wangu. Nikasimama, nikampokea kikapu kwa mikono miwili. "Asante sana, mama. Msisahau firigisi ni ya mkwe."

Akaninyang'anya kikapu. "Baba, wacha. Hii si mboga ya ugali, ni ushahidi."

Nimealikwa kwenye meza za nchi nyingi, lakini ni Misikhu tu nilikowahi kuomba firigisi ya marehemu. Nikaketi, nikachunguza viatu vyangu.

Kuku huyo alikuwa ameraruliwa na mbwa wa jirani akiwa analalia mayai. Mama alibaki na tetea wawili tu. Jirani mwenyewe, mzee mwenye kofia aliyeingia nyuma yake, hakukana.

"Mama, mbwa zangu hazina ubaya, bana. Kuku yako ndio ilikimbia, zikafikiri ni mchezo."

"Ati ilikimbia na mayai iko chini yake?"

Shemeji akakohoa kuficha kicheko. Jirani akavua kofia. "Basi yaishe. Kesho nitakuletea kuku ingine, kubwa kuliko hii."

Nikatikisa kichwa kukubali, maana sisi wanaume tunaamini kila kosa hulipika. Mama hakutikisa chake.

"Ukileta kuku, umeletea mbwa zako chakula. Leta mnyororo."