Hotuba Yangu ya Biskuti

Siku ile walikuwepo jirani zetu Mama Zawadi na Papa Jérôme, mdogo wangu Gloire, na mimi niliyeacha shule wazazi walipofariki. Gloire alikuwa amepata diploma, nami nilitaka kuwashukuru wawili hawa waliotulisha miaka yote.

Nikaoka biskuti. Sukari laini ya kupambia sikuipata sokoni, basi nikachukua kinu cha Mama Zawadi bila kumwambia, nikakiosha, nikatwanga sukari ya kawaida. Nikaipiga na ute wa yai, nikachora ua jeupe juu ya kila biskuti.

“Yaya, haujaonja?” Gloire akauliza; ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake.

“Nionje nini? Iko sukari!”

Wageni walipoanza kutafuna, nikaanza hotuba. Papa Jérôme akatokwa machozi. Mama Zawadi akafuta macho kwa kitenge. Nikaguswa, nikarefusha maneno, nikamtaja hata marehemu mama, nikalia nami.

“Mutoto wangu,” Mama Zawadi akanikatiza, “siye hatulie. Ulibeba kinu yangu ya pilipili!”

“Lete mayi kwanza,” Papa Jérôme akasema. “Merci utamalizia kesho!”

Wakanywa jagi zima, wakicheka, kisha kila mmoja akachukua biskuti ya pili. Watu kama hawa nitawashukuruje?