Walisema Mume Wangu Amelewa

Mume wangu alikuwa dereva wa mashine ya kuvuna ngano katika shamba kubwa huko Timau, nami nilifundisha shule ya msingi Kaaga. Alirudi nyumbani kila Jumamosi, nguo zikinuka dizeli. Pombe hakunywa. Baba yake alikuwa mlevi, na yeye aliapa tangu ujana kwamba hataigusa.

Alipolazwa mara ya kwanza, amejikunja kwa maumivu ya tumbo yaliyopenya hadi mgongoni, daktari alimuuliza anakunywa kiasi gani.

"Sinywi," alisema.

Daktari akanigeukia. "Mama, ni kweli?"

Nikasema ni kweli. Lakini alipoeleza kwamba kongosho limevimba, na kwamba wanaume wengi anaowaona na shida hiyo ni wanywaji, shaka iliniingia. Mtu analala Timau karibu wiki nzima; mimi nitajuaje anachofanya huko?

Maumivu yalirudi mara tatu katika miaka miwili. Kila alipolazwa, nilipekua mifuko ya makoti yake na kunusa chupa yake ya chai. Sikupata kitu. Alikula githeri ya mahindi na maharagwe bakuli mbili na bado akakonda. Choo chake kikawa cha mafuta mafuta, chenye harufu iliyomtia aibu hata mbele yangu. Kisha akaanza kunywa maji jagi kwa jagi, na kipimo kikaonyesha sukari imepanda sana.

Tukaenda hospitali nyingine. Huko picha ilionyesha vijiwe katika kifuko cha nyongo. Vilikuwa vikiteremka na kuziba njia, na kila vilipoziba, kongosho liliumia. Daktari, mama mpole, alimweleza bila haraka.

"Sukari yako imetokana na kongosho kuharibika. Hapo ndipo inapotoka insulini ya kushusha sukari, na hapo hapo hutoka kinachoipandisha ikishuka. Kwako vyote vimepungua. Utajidunga insulini, na utameza dawa ya kusaga chakula kila unapokula. Lakini sukari ikishuka, itashuka haraka. Usitembee bila glukosi mfukoni."

"Kwa hivyo si pombe," nilisema.

Mume wangu akanitazama. "Wewe ulifikiri ni pombe?"

Nikachukua karatasi ya dawa mezani.

Alifanyiwa upasuaji, kifuko kikatolewa, akarudi kazini. Miezi michache baadaye, mwenye duka mmoja wa Kiirua, njiani kati ya Timau na kwetu, alinipigia simu nikiwa darasani. "Mwalimu, njoo umchukue mzee wako. Amelewa mchana huu."

Nilipaswa kumwambia papo hapo ampe sukari. Sikumwambia. Njia nzima nilikuwa na hasira, nikiwaza wazazi wa wanafunzi wangu waliomwona.

Nilimkuta ameketi kwenye baraza ya duka, ulimi mzito, watu wawili watatu wakimcheka. Nikainama nikamwambia kwa Kimeru, "Umeniaibisha." Alinitazama kama mtu asiyenijua. Nilipomshika mkono nimwinue, ulikuwa baridi na umelowa jasho, ilhali upepo wa baridi wa mlima ulikuwa ukivuma. Hapo ndipo akili iliponirudia, nikakumbuka maneno ya daktari.

"Leta soda," nilimwambia mwenye duka.

"Soda ya nini na amelewa?"

"Hajalewa. Ni mgonjwa. Leta."

Nilimnywesha kidogo kidogo, nyingine ikimwagika kifuani. Baada ya muda macho yake yakatulia. Akauliza nimefika saa ngapi. Mwenye duka alimletea chai ya sukari na mkate, akasimama kando.

Tulipokuwa tukirudi, alisema, "Nilikusikia. Nilishindwa kujibu, lakini nilisikia ulichosema."

Siku hizi haendeshi mashine tena. Mwajiri wake aliogopa, akamhamishia stoo. Dawa zimemrudishia mwili kiasi. Sukari bado inayumba, asubuhi juu, saa sita chini, na tumeshazoea kupima kabla ya kubishana juu ya lolote.

Nilimwomba msamaha, nikamwambia hata habari za makoti na chupa ya chai. Alisema yameisha. Wiki iliyofuata alijiandikia kadi, akaifunga kwa kamba shingoni: *Sijalewa. Nina kisukari. Nipe kitu cha sukari.* Nilidhani ni ya kuvaa akienda kazini. Haivui hata tukiwa wawili tu mezani.