Vidonge vya mume wangu nilivyogawa

Admin, nifichie jina, wifi yangu ana wajukuu wanaosoma ukurasa huu. Mimi ni mjane wa miaka sabini na nne, naishi Arua. Naona haya kuandika, lakini nikinyamaza mwanangu anaweza kufa.

Mwaka 1976 tuliishi Koboko. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mtu wa kuimba kwa pua huku ameshika pini kwa midomo. Hospitali walimkuta na presha, wakampa vidonge vya kila siku. Sisi tulidhani presha ni kichwa kuuma. Kichwa kikitulia, aliacha. Nikimkumbusha, alicheka: "Mama, kichwa yangu iko sawa. Nakula dawa ya nini?"

Miaka ile madukani hata dawa ya maumivu ilikuwa haipatikani. Jirani akija ameshika kichwa, nilifungua kopo nikampa kidonge, kama mgeni anavyopewa maji. Nilisifiwa: "Mama huyu iko na roho muzuri." Siku kichwa cha mume wangu kilipouma kweli, kopo lilikuwa tupu. Alianguka mchana juu ya cherehani, mdomo umepinda. Hakusema tena mpaka tulipomzika kijijini kwao, Ludara.

Matangani wazee waliuliza alikula nini mwisho. Nikajibu, "Mihogo ya wifi." Basi, hayo tu. Yaliyobaki walijaza wenyewe: sumu. Wifi alifukuzwa na mumewe, watu wakaacha kula kwake. Nami nikamlea mwanangu kwa neno hilo.

Sasa yeye mwenyewe ana presha, na vidonge amevitupa. Nikimsihi ananiambia, "Mama, si ulisema baba alikula sumu? Kwetu hakuna presha. Daktari anatafuta kazi tu." Daktari huyo alinieleza kwamba presha mara nyingi haiumi popote, ndiyo maana dawa humezwa hata ukijiona mzima. Nilisikiliza nikiangalia sakafu.

Nikisema ukweli, huenda atameza. Lakini atajua amezaliwa na mtu gani. Na wifi bado yu hai. Jumapili alinishika mkono kwenye ngazi za kanisa, akasema, "Pole pole, dada, hatuko wasichana tena."

Ndugu zangu, nitukaneni kama mnataka, ila mnielekeze. Nimwambie mwanangu leo, peke yetu, au nimkalishe na shangazi yake wasikie pamoja? Nishaurini, mdomo wangu utaanzia wapi?